Somo Lisilofika: Jinsi Viwango vya Usalama wa Vinu vya Nyuklia Vinavyoundwa

Tarehe 24 Septemba 1977, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse, jimbo la Ohio nchini Marekani, vali moja ilifunguka kama ilivyotakiwa, kisha ikakataa kufunga. Siku hiyo kinu kilikuwa kikiendeshwa kwa sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Baada ya dakika zipatazo 20 waendeshaji waliigundua kasoro hiyo, wakaiziba njia kwa vali nyingine. Hakuna mtu aliyeumia, wala kinu hakikuharibika.

Miezi kumi na minane baadaye, tarehe 28 Machi 1979, vali ya namna hiyo hiyo ilikwama katika kituo cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Safari hii kasoro haikugunduliwa mpaka zilipopita saa mbili na zaidi, na karibu nusu ya moyo wa kinu, yaani sehemu yenye fueli, ikayeyuka. Vinu vyote viwili vilikuwa vimetengenezwa na kampuni moja. Kwa nini basi somo lililopatikana Ohio halikufika Pennsylvania?

Makala haya yanalichunguza swali hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya utaratibu wa usalama unaofuatwa leo katika vituo vya nyuklia duniani ilizaliwa kutokana nalo. Kwanza, hata hivyo, hapana budi tueleze ni jambo gani hasa linalokifanya kinu cha nyuklia kiwe tofauti na tanuri la makaa ya mawe.

JOTO LISILOZIMIKA

Kiini cha atomu ya urani-235 kikipigwa na nyutroni hupasuka vipande viwili. Mpasuko huo hutoa joto pamoja na nyutroni nyingine mbili au tatu, ambazo nazo huweza kuvipasua viini vingine. Ili kuusimamisha mfululizo huo, fito za kudhibiti, zilizotengenezwa kwa vitu vinavyomeza nyutroni, huteremshwa katika moyo wa kinu. Kazi hiyo huchukua sekunde chache tu.

Msomaji angeweza kudhani kwamba hapo kinu kimezimika kama jiko lililomwagiwa maji. Sivyo. Vile vipande vya atomu zilizopasuka ni vinururifu. Huendelea kuoza vyenyewe na kutoa joto, na hakuna ufito unaoweza kukuzuia kuoza huko. Mara tu baada ya kinu kuzimwa, joto hilo hufikia kama asilimia 6 ya nguvu iliyokuwapo. Baada ya saa moja hubaki kama asilimia 1.5, na baada ya siku nzima huwa chini ya asilimia 1.

Asilimia hizo huonekana kuwa ndogo, lakini tufanye hesabu. Kinu namba 2 cha Three Mile Island kilikuwa na nguvu ya joto ipatayo megawati 2,700. Asilimia 1.5 ya nguvu hiyo ni karibu megawati 40, yaani megajuli 40 kila sekunde. Kilo moja ya maji yaliyokwisha kufika nyuzi 100 za Selsiasi huhitaji megajuli 2.26 ili igeuke mvuke. Tukigawanya 40 kwa 2.26 tunapata kilo 18 hivi. Maana yake ni kwamba, saa moja baada ya kuzimwa, moyo wa kinu bado una uwezo wa kugeuza mvuke kilo 18 za maji kila sekunde, au zaidi ya tani 60 kwa saa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mwendeshaji wa kinu ni hii: fueli isikose maji wakati wowote, hata kinu kiwe kimezimwa.

FUNZO LA CHUPA YA SODA

Katika kinu cha aina hii, maji yanayozunguka moyo huwa na joto la nyuzi zinazozidi 300, lakini hayachemki, kwa sababu yamewekwa chini ya kanieneo kubwa sana, kama mara 150 ya kanieneo ya hewa. Kanieneo hiyo hudhibitiwa na tangi maalumu lililounganishwa juu ya mfumo. Juu ya tangi hilo ndipo ilipo vali tuliyoitaja. Kanieneo ikizidi, vali hufunguka na kutoa mvuke. Ikishuka, vali hutakiwa kufunga.

Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, saa kumi hivi, pampu zilizokuwa zikipeleka maji kwenye vyombo vya kutengenezea mvuke zilisimama. Kanieneo ikapanda, vali ikafunguka, na sekunde chache baadaye fito za kudhibiti zikaanguka katika moyo wa kinu, kama ilivyopangwa. Kanieneo ikashuka. Umeme ukatoa amri ya kuifunga vali, lakini vali haikufunga. Kwenye meza ya uendeshaji taa ya vali hiyo ilizimika. Waendeshaji walidhani taa inaonyesha kwamba vali imefungwa, kumbe ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imekwisha kutolewa. Kutoa amri na kutii amri ni mambo mawili.

Kanieneo ilivyozidi kushuka, maji yenye joto kali yalianza kuchemka ndani ya mfumo. Ili kufahamu yaliyofuata, mwanafunzi na afikirie chupa ya soda iliyotikiswa. Kizibo kikiondolewa, mapovu hujitokeza kila mahali na soda hupanda mpaka ikamwagika. Mtu asiyejua angeweza kusema kwamba soda imeongezeka, ilhali hakuna tone lililotiwa. Ndivyo ilivyokuwa Three Mile Island. Mvuke uliokuwa ukijitengeneza uliyasukuma maji juu kwenye tangi la kanieneo, na kipimo cha tangi kikaonyesha kwamba maji ni mengi. Chombo cha kupima kimo cha maji katika moyo wenyewe hakikuwapo.

Waendeshaji walikuwa wamefundishwa kwa mkazo kwamba tangi lile lisiachwe lijae kabisa. Pampu za dharura zilikuwa zimejiwasha zenyewe na kuanza kuingiza maji. Wao, kwa kufuata mafunzo yao, wakazipunguza. Zaidi ya kengele 100 zililia katika dakika za mwanzo, na hakuna aliyeweza kutofautisha ile iliyo muhimu na isiyo muhimu. Vali ya kuziba njia ilifungwa baada ya saa mbili na dakika 20 hivi, wakati mtu wa zamu nyingine alipofika na kuitazama hali kwa macho mapya. Kufikia hapo sehemu ya juu ya fueli ilikuwa imekwisha kubaki bila maji.

Jengo la zege lililokizunguka kinu lilizuia sehemu kubwa ya vitu vinururifu, na kiasi kilichotoka nje kilikuwa kidogo. Hata hivyo kinu hicho hakikuwashwa tena. Kazi ya kukisafisha iligharimu karibu dola bilioni 1, na iliendelea mpaka miaka ya 1990.

BARUA ZILIZOBAKI MEZANI

Huko Ohio mwaka 1977, waendeshaji nao walikuwa wamepunguza maji ya dharura kwa sababu ile ile: kipimo cha tangi kilikuwa kikipanda. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza vinu hivyo walilichunguza tukio hilo. Mwezi Novemba 1977 mmoja wao aliandika kushauri kwamba wateja wote wapewe maagizo kuhusu lini pampu za dharura zinaweza kuzimwa. Mwezi Februari 1978 mwenzake aliandika kwa mkazo zaidi, akionya kwamba kama kinu kile kingekuwa katika nguvu kamili, huenda moyo ungeachwa bila maji na fueli ikaharibika.

Barua hizo zilipita kutoka idara moja hadi nyingine ndani ya kampuni. Maswali yaliulizwa, majibu yakachelewa, na Machi 1979 ikafika maagizo mapya yakiwa bado hayajawafikia waendeshaji. Elimu ilikuwapo, na imeandikwa kwa lugha iliyo wazi. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwa mtu aliyeketi mbele ya meza ya uendeshaji.

Rais wa Marekani wakati huo, Jimmy Carter, aliunda tume ya watu 12 chini ya uenyekiti wa John Kemeny. Huyu alikuwa mtaalamu wa hisabati, na wanafunzi wa kompyuta humjua kuwa mmoja wa watu wawili walioibuni lugha ya BASIC. Taarifa ya tume hiyo ilitolewa Oktoba 1979. Ilieleza kwamba, pamoja na kasoro za mitambo, chanzo kikubwa cha ajali kilikuwa upande wa binadamu: mafunzo hafifu, maagizo yasiyoeleweka, na mazoea ya kuamini kwamba mitambo imekwisha kuwa salama vya kutosha.

Kabla mwaka huo haujakwisha, makampuni ya umeme wa nyuklia ya Marekani yalianzisha chombo chao cha pamoja mjini Atlanta, kiitwacho kwa kifupi INPO. Kazi yake ni kukusanya habari za kila tukio, dogo kwa kubwa, kuzichambua na kuzipeleka kwa vituo vyote. Vilevile kutuma wataalamu wa kituo kimoja wakakague kituo kingine. Makampuni hayo yalikuwa yamekwisha kutambua jambo moja: ajali ya mmoja huwaharibia wote. Waswahili husema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini ili uzitie maji, ni lazima kwanza upate habari kwamba mwenzako ananyolewa.

KIWANGO HUTENGENEZWAJE?

Watu wengi hudhani kwamba kiwango cha usalama ni sheria iliyobuniwa na wakubwa ofisini. Kwa kweli kiwango kizuri ni kumbukumbu ya makosa na mafanikio ya watu wengi, iliyopangwa ili aliye mbali aweze kuitumia bila ya kuyapitia makosa yale mwenyewe.

Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lililoanzishwa mwaka 1957 na lenye makao makuu mjini Vienna, limepanga viwango vyake katika ngazi tatu. Ya juu ni misingi. Waraka wa misingi uliotolewa mwaka 2006 una misingi 10, na wa kwanza wasema kwamba jukumu kuu la usalama ni la yule anayeendesha mtambo, wala hawezi kumtupia mwingine. Ngazi ya pili ni masharti, ambayo huandikwa kwa neno "lazima". Ya tatu ni miongozo, inayoeleza njia zilizothibitika za kuyatimiza masharti hayo.

Kiwango kipya huanza kwa pendekezo linaloeleza kwa nini kinahitajiwa. Pendekezo likikubaliwa, wataalamu kutoka nchi mbalimbali hukutana na kuandika rasimu. Rasimu hupelekwa kwenye kamati, kisha kwa nchi zote wanachama, ambazo hupewa siku 120 za kutoa maoni. Kila oni hutakiwa kuzingatiwa. Ndipo rasimu hurudi kwenye kamati, na mwishowe huidhinishwa. Kazi hii aghalabu huchukua miaka kadhaa. Wako wanaolalamikia mwendo huo wa polepole. Lakini maagizo yaliyopitiwa na macho mengi huwa na matundu machache.

Ni vema ieleweke pia kwamba viwango hivi haviwafungi wanachama kama sheria, isipokuwa katika shughuli za Shirika lenyewe na zile zinazosaidiwa nalo. Kila nchi huamua kuviingiza katika sheria zake.

SIRI NA GHARAMA YAKE

Mafunzo ya Three Mile Island hayakutosha kuizuia ajali ya Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, huko Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti. Hapo pia palikuwa na somo lisilofika. Mwaka 1983, wakati wa majaribio ya kinu cha aina hiyo hiyo huko Ignalina, Lithuania, wataalamu waligundua jambo la ajabu. Fito za kudhibiti zilikuwa na vipande vya grafaiti mwishoni mwake. Zikianza kushuka kutoka juu kabisa, grafaiti hiyo iliyaondoa maji yanayomeza nyutroni katika sehemu ya chini, na kwa sekunde chache nguvu ya kinu huweza kupanda badala ya kushuka. Ni kama breki ambayo, ikikanyagwa, huliongezea gari mwendo kabla ya kulipunguza.

Jambo hilo lilijulikana kwa wabunifu wa kinu, lakini marekebisho hayakutekelezwa, wala waendeshaji wa Chernobyl hawakuelezwa ipasavyo. Usiku ule walibonyeza kitufe cha kuzima kinu wakiwa wameziinua karibu fito zote. Kinu kikalipuka. Baadaye, mwaka 1992, kundi la washauri wa Shirika la Vienna liliitoa upya taarifa yake ya kwanza kuhusu ajali hiyo, likaupa uzito mkubwa zaidi ubovu wa kinu chenyewe na usiri uliouficha.

Upepo wenye vumbi nururifu haukusimama mipakani kuonyesha hati ya kusafiria. Baada ya miezi mitano tu, mnamo Septemba 1986, mikataba miwili ilipitishwa mjini Vienna: mmoja wa kuarifiana mapema ajali itokeapo, na mwingine wa kusaidiana. Mwezi Mei 1989 makampuni yanayoendesha vituo vya nyuklia, ya Mashariki na ya Magharibi, yalikutana Moscow yakaunda umoja wao wa dunia, WANO, wenye vituo vyake Atlanta, Moscow, Paris na Tokyo. Watu waliokuwa wakitazamana kwa mashaka ya kisiasa walianza kutembeleana katika vyumba vya uendeshaji. Mwaka 1994 ulipitishwa Mkataba wa Usalama wa Nyuklia, ulioanza kutumika mwaka 1996. Nchi zilizouridhia huandika taarifa ya hali ya vituo vyake kila miaka mitatu, na nchi nyingine huisoma na kuihoji.

KUPOKEA HABARI SI KUITUMIA

Mwezi Desemba 1999 dhoruba kali iliyasukuma maji ndani ya kituo cha Blayais, nchini Ufaransa, ikafurika vyumba vyenye baadhi ya pampu na vifaa vya umeme vya usalama. Kinu hakikudhurika. Wafaransa walikagua upya kinga ya mafuriko katika vituo vyao, na habari za tukio hilo zilijulikana kwa wataalamu wa nchi nyingine.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la kipimo cha 9.0 lilitokea karibu na pwani ya Japani. Vinu vya Fukushima Daiichi vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimika vyenyewe. Kisha wimbi la tsunami, lenye kimo cha mita 14 hivi, likapita juu ya kinga zilizokadiriwa kwa wimbi la chini ya mita 6. Jenereta za dharura, ambazo nyingi zilikuwa katika vyumba vya chini, zilifurika. Pampu zikakosa umeme, na lile joto lisilozimika likafanya kazi yake: mioyo ya vinu vitatu iliyeyuka.

Hapa twaona kwamba barua kufika si mwisho wa safari. Msomaji wa barua anaweza kusema, "Jambo hilo limetokea huko, sisi hatuko huko." Kwa sababu hiyo wakaguzi wa leo hawaulizi tu kama kituo kimepokea taarifa ya tukio fulani. Huuliza: mmebadilisha nini?

JE, YANATUHUSU?

Barani Afrika kinu cha kwanza, kidogo na cha utafiti, kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Kituo cha Koeberg, Afrika ya Kusini, kilianza kutoa umeme mwaka 1984, na Misri ilianza kujenga kituo chake huko El Dabaa mwaka 2022. Katika Afrika Mashariki vinu vya umeme wa nyuklia bado havijajengwa, lakini mionzi hutumika kila siku katika hospitali, viwanda na utafiti. Tanzania ilijiunga na Shirika la Vienna mwaka 1976, ikatunga sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983, kisha sheria ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki.

Tukio la Goiânia, Brazili, laonyesha kwamba hatari haihitaji kinu. Mwaka 1987 watu waliingia katika jengo lililoachwa la hospitali, wakachukua sehemu ya mashine ya kutibu saratani na kuiuza kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesi-137 uliong'aa kwa rangi ya samawati, na watu wakagawiana. Wanne walifariki, na watu 249 walikutwa na uchafu wa unga huo. Alama ya mionzi, ile yenye mapanga matatu, haikuwa na maana kwa watu ambao hawakupata kufundishwa. Mwaka 2007 ilitolewa alama ya ziada kwa vyanzo vikali vya mionzi, yenye fuvu la kichwa na picha ya mtu anayekimbia, ambayo ilijaribiwa kwanza kwa watu wa nchi mbalimbali ili kuona kama wataielewa bila ya kuelezwa. Hicho nacho ni kiwango, na kilitokana na msiba.

Mwalimu anayewaonyesha wanafunzi wake alama hizo mbili ubaoni, na kuwaeleza kwamba chuma kizito chenye alama hiyo hakiguswi bali huarifiwa, amekwisha kuwa sehemu ya mlolongo ule ule uliokatika kati ya Ohio na Pennsylvania.

MASWALI YA KUJADILIWA DARASANI

1. Kinu chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000 kimezimwa saa moja iliyopita. Kwa kutumia tarakimu za makala haya, tafuta ni kilo ngapi za maji ya nyuzi 100 zinazoweza kugeuzwa mvuke kila sekunde.

2. Eleza kwa nini kipimo cha tangi la kanieneo kilionyesha maji mengi wakati maji ya mfumo yalikuwa yakipungua. Buni chombo ambacho kingewaonyesha waendeshaji ukweli.

3. Taa ya vali ilionyesha amri badala ya hali. Tafuta mfano mwingine wa kosa la namna hiyo nyumbani, shuleni au katika chombo cha usafiri.

4. Katika maabara ya shule yenu, ajali ndogo ikitokea leo, darasa litakaloingia mwakani litajuaje? Andikeni utaratibu wa kurasa mbili, uwapeni wanafunzi wa darasa jingine wautolee maoni, kisha uandikeni upya.